Kwa Senge Nanjala, Aliyezima Mashine

Mpendwa Senge,

Jumamosi iliyopita nilimwaibisha Dorcas mbele ya ukumbi mzima. Sikuteleza ulimi. Nilipanga jambo hilo kwa miezi miwili, polepole, kama mtu anayenenepesha jogoo wa Krismasi, na siku ilipofika nilikaa karibu kabisa nikatazama. Jumapili nilienda kanisani kama kawaida, nikaimba, nikawapa majirani mkono wa amani. Sijutii. Najua ungekuwa hai ungenikemea, kwa hiyo nakuomba unisikilize hadi mwisho kabla hujafungua mdomo. Na barua hii naiandika wazi, aisome yeyote anayetaka, kwa sababu wewe, shangazi yangu, umefichwa miaka ya kutosha.

Unakumbuka Dorcas alivyokuja kwetu? Mimi nilikuwa darasa la pili. Alisimama mlangoni pale Langas, Eldoret, na sanduku la mbao kichwani na viatu mkononi kwa sababu ya tope, akasema ameelekezwa kwako na mama mmoja wa kanisa huko nyumbani. Chumba chetu kilikuwa kimoja na pazia katikati. Hukumuuliza maswali. Ulimpa nusu ya kitanda chako, ule upande wa ukutani, na juma lililofuata ukampeleka kiwandani ukamwambia supavaiza, "Huyu ni mdogo wangu." Hakuwa mdogo wako. Ulidanganya kwa ajili yake, wewe uliyenichapa kwa uongo wa kijiko kilichopotea.

Nakumbuka mkirudi jioni wote wawili mna pamba kichwani. Kile kiwanda cha nguo kilikuwa kinawageuza vikongwe kila siku, nywele nyeupe, nyusi nyeupe. Kazi yangu ilikuwa kuwakalisha kwenye stuli na kuwatoa nyuzi moja moja, huku mkicheka, mkikohoa, mkisimuliana ya kazini. Nilianza na wewe, kisha yeye. Alikuwa akifumba macho na kusema, "Mtoto huyu ana vidole vya malaika." Vidole vyangu vimewahi kuchambua nywele za yule mwanamke, Senge. Hilo hunichoma hadi leo.

Siku ya Akinyi ulinisimulia mara moja tu, nami nikiwa tayari mtu mzima. Mengine nimeyapata kwa Mama Njoki, aliyekuwa kwenye mashine ya pili kutoka yako. Akinyi alikuwa na mimba ya miezi tisa na bado anasokota uzi, kwa sababu aliyeenda kujifungua alirudi akakuta nafasi yake ina mtu. Uchungu ulimshika saa nne asubuhi. Meneja akasema mashine zisizimwe, mgonjwa atolewe nje asubiri gari. Hakukuwa na gari. Ulimlaza kati ya marobota ya pamba, Mama Njoki akamshika mabega, na kwa vile hakuna aliyeweza kumsikia akisema anachohisi, ulienda ukutani ukashusha ile swichi kubwa. Mama Njoki anasema hakuwa amewahi kusikia jengo lile likinyamaza. Kimya kilimtisha kuliko kelele. Mtoto akatoka katika kimya hicho, msichana, na kilio chake kikafika hadi ofisini.

"Mwanamke hatazaa hapa tena kama ng'ombe aliyepotea porini," ukawaambia wenzako, mikono yako bado ina damu.

Ndipo mkaandika barua. Mlitaka mambo mawili tu: likizo ya kujifungua, mtu akirudi akute kazi yake, na chumba kimoja cha kunyonyeshea watoto. Barua iliandikwa juu ya meza yetu, nami ndiye niliyeishika kalamu. Ulisema mwandiko wangu unasomeka kuliko wenu wote. Nikaandika majina tisa kwa chini, nikiyapangia mstari kwa rula, la kwanza likiwa lako. Nilijivuna sana. Nilidhani nimeandika kitu cha kuwekwa kwenye fremu.

Dorcas hakutaka jina lake liwemo. Alisema siku iliyofuata alikuwa ofu, kwa hiyo yeye ndiye angeipeleka ofisi ya leba mjini, ile ya serikali ya mambo ya wafanyakazi, na si vizuri mpelekaji aonekane kwenye karatasi. Ulimwamini. Ulimpikia chai ya maziwa asubuhi ile kabla hajaondoka, ukamfunga kitambaa chako kizuri kichwani ili aonekane mtu wa heshima.

Keshokutwa yake shule zilikuwa zimefungwa, nikakufuata hadi kazini. Askari wa getini alikuwa ameshika karatasi. Akaanza kusoma majina, na kila aliyesomwa aliambiwa asimame kando. Nilipochungulia nikaona mwandiko wangu. Ile mistari ya rula. Barua haikuwa imefika ofisi yoyote ya leba. Na ndani, ng'ambo ya geti, alisimama Dorcas katika koti la bluu la masupavaiza.

"Dorcas," ukamwita. "Nitazame."

Aliangalia maua yaliyopandwa kando ya geti.

"Dorcas, nitazame tu. Sitakuuliza kitu."

Hakukutazama. Ulinishika mkono tukaondoka, na nilipoanza kulia ukasema, "Si hapa. Tutalia nyumbani." Tulipofika nyumbani ulikunja nguo zake zote, ukazipanga ndani ya lile sanduku la mbao, ukaliweka nje ya mlango. Hukulia. Mimi niliingia nyuma ya pazia nikajiuma mkono huu wa kulia, ulioandika. Hukuwahi kujua hilo. Miaka yote niliamini ni mwandiko wangu mzuri uliowafukuzisha kazi. Labda ungekuwa mbaya, yule askari angeshindwa kuusoma.

Halafu sikiliza dunia ilivyo. Habari ya mtoto aliyezaliwa kwenye pamba ilienea mjini, wakubwa wa kiwanda wakaogopa, na kabla mwaka haujaisha likizo ikatolewa na chumba kikafunguliwa. Aliyekata utepe ni Dorcas. Tangu siku hiyo akawa "yule mama aliyewapigania wamama." Alipandishwa cheo, akaolewa vizuri, akafungua shule yake ya chekechea, akahamia Elgon View, mtaa wa matajiri. Wewe ukaenda mashambani huko Ziwa kuvuna mahindi ya watu, msimu baada ya msimu, na kifua kilichojaa vumbi la pamba.

Kuna Jumapili moja tulikutana naye nje ya kanisa kubwa la mjini. Nilikuwa kidato cha pili. Alikuwa ndani ya gari, kioo kiko chini. Ulimsogelea ukamwamkia kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba mmeachana jana. Akapandisha kioo. Ulibaki umesimama na uso wako kwenye kile kioo cheusi, ukijiona mwenyewe. Nikatafuta jiwe. Nililipata pia. Ukanikamata mkono.

"Mwachie Mungu."

"Mungu akichelewa?"

"Mwachie tu."

Nilimwachia. Nilitii miaka yote uliyokuwa hai, hata ulipokuwa unakohoa ukishindwa kumaliza sentensi, hata tulipokuzika yeye asitume hata salamu. Lakini sikumbuki kuahidi kwamba ningetii na baadaye.

Sasa tufike mwaka huu. Tangu Eldoret iitwe jiji watu wamekumbuka kwamba ina historia. Ikaundwa kamati ya kuandaa maonyesho ya wanawake waliojenga mji: picha kubwa ukutani, na chini ya kila picha maelezo. Walitaka mtu wa kuhoji na kuandika kwa Kiswahili safi, wakaambiwa kuna mwalimu wa sekondari anaitwa Mwalimu Simiyu. Hilo ni jina la mume wangu. Wakanipa orodha. Mkunga mmoja wa Langas alikuwemo, mwanamke wa kwanza kuuza maziwa ya jumla sokoni alikuwemo, na juu kabisa, namba moja, Dorcas.

Nilikaa kwenye gari nje ya ofisi yao nikacheka peke yangu hadi askari akaja kuniuliza kama niko sawa.

Nilienda kwake Elgon View siku ya Jumanne. Amezeeka vizuri, Senge. Ngozi laini, nywele nyeupe za kweli sasa. Alinikaribisha kwa mikono miwili, akaniita "my daughter", akanikalisha kwenye kochi lililokuwa refu kuliko chumba chetu. Hakunitambua. Nikawasha simu kurekodi, nikamwambia, "Mama, nisimulie ile siku ya mtoto kiwandani."

Akasimulia. Alimlaza Akinyi kwenye pamba. Alimtia moyo. Alienda ukutani akazima mashine. "Kwa huu mkono," akasema, akauinua nikauona, una pete mbili.

Nikauliza, "Na wenzako, Mama? Walikusaidia?"

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Walikuwa waoga, Mwalimu. Usiwalaumu. Wanawake wa siku zile walikuwa hawajaamka."

Waoga. Nililiandika neno hilo kwenye daftari nikalipigia mstari. Kisha nikamwomba aniongezee chai, kwa sababu nilihitaji kufanya kitu na mikono yangu.

Ningeweza kwenda kwenye kamati siku hiyo hiyo nikasema ukweli. Wangelifuta jina lake kimyakimya, wakamwambia nafasi imekuwa ndogo, naye angebaki na heshima zake zote mjini. Hapana. Nilitaka aseme tena, kwa maikrofoni, kwa wale anaowaita waoga. Kwa hiyo nilimwandikia maelezo mazuri mno. Nikampelekea ayasome. Akapiga simu kunishukuru, akasema nimemfanya alie.

Halafu nikaanza kuwatafuta wenzako. Mama Njoki nilimpata Ziwa, ana ng'ombe watatu na magoti mabovu. Nilipomwambia mimi ni yule msichana wa Nanjala alinishika mashavu akaniangalia sana, halafu nilipomwambia ninachotaka akaniachilia.

"Hayo maneno ni ya zamani. Ukiyafukua yatanuka."

"Wacha yanuke, Mama."

"Na wewe utapata nini?"

"Alisema nyinyi mlikuwa waoga."

Akachukua fimbo yake, akamfukuza kuku aliyekuwa hana kosa lolote. "Alisema hivyo?"

Nikamsikilizisha rekodi. Aliisikia mara mbili. Akaingia ndani, akatoka na kitabu kidogo cha namba za simu, kile cha zamani cha kuandika kwa kalamu, akasema, "Andika."

Kati ya wale tisa, watano wako hai. Mmoja nilimpata Langas palepale, nyumba ya nne kutoka tulipokaa, anauza samaki wa omena. Akinyi alishaenda, Mungu amrehemu, lakini binti yake yuko hapa mjini, ni nesi. Yule mtoto wa kwenye pamba, Senge. Ana watoto wawili. Nilipompigia simu na kumwambia jina lako alinitaka nilirudie, polepole.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Kulikuwa na hema nje, kwaya ya shule, na wakubwa wenye maua kifuani. Kamati ilinipa kazi ya kuongoza kipindi cha maswali. Wazee wangu niliwaketisha mstari wa pili, mbele ya jukwaa, wote watano na leso zao bora, na binti ya Akinyi mwishoni. Dorcas alipanda kwa makofi. Alisimulia tena yote: pamba, uchungu, swichi, mkono juu. Watu walifuta machozi. Nikachukua maikrofoni nikasema, "Tuna wageni waliofanya kazi kiwandani enzi hizo. Labda wana swali."

Nikampa Mama Njoki. Alisimama kwa taabu, akiegemea fimbo.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, Mama." Bado anatabasamu.

"Umesema ni wewe ulizalisha huyo mtoto. Nauliza tu. Mama yake alimpatia jina gani?"

Niliona tabasamu likibaki mdomoni huku macho yakiondoka. Alimtazama Mama Njoki, kisha aliye kando yake, kisha mwingine, mstari wote. Aliwajua. Na alijua jina pia, Senge, hakuwa amesahau. Angelisema, ukumbi mzima ungeuliza kwa nini Mjaluo alimpa mtoto wake jina la Kibukusu. Asingelisema, hakuwa mzalishaji wa mtoto yeyote.

"Ni miaka mingi," akasema. "Mimi... akili za uzee."

"Mimi pia ni mzee," Mama Njoki akasema. "Na nakumbuka."

Binti ya Akinyi akasimama bila kuitwa. Hakushika maikrofoni, ana sauti ya nesi, inafika. "Naitwa Nanjala. Mama aliniita jina la aliyenipokea. Huyo Madam sijawahi kumwona maishani mwangu."

Kisha Mama Njoki akasema yaliyobaki, polepole, kwa Kiswahili chake cha Kikikuyu. Barua. Geti. Koti la bluu. Nilikuwa nimeshika maikrofoni nyingine, ningeweza kumkatiza, mwenyekiti wa kamati alikuwa ananifanyia ishara za mkono nimkatize. Nilimtazama Dorcas. Nilitaka aniangalie, akaniangalia.

"Mama, mimi ndiye niliyekuwa nawatoa pamba kichwani," nikasema. "Wewe na Senge Nanjala. Ulisema nina vidole vya malaika."

Alishuka jukwaani kupitia pembeni. Aliacha mkoba wake kwenye kiti, msichana mmoja wa kwaya akamkimbilia nao. Hakuna aliyepiga makofi wala kelele. Watu walisogeza miguu tu ili apite.

Hapo ndipo ungenishika mkono, najua. Lakini nilifurahi, Senge. Nilifurahi mwili mzima.

Jumatatu alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kwa nini hukuniambia wewe ni nani? Ulikula kwangu."

"Wewe ulikula kwetu miaka miwili."

Akasema meneja alimwita siku ile akiwa njiani, mtu alikuwa ameshamwambia kuna barua, kwamba alitishiwa, kwamba alikuwa msichana, na nyumbani kulikuwa na wadogo sita wanaomtegemea. Labda ni kweli. Ningekuwa mwandishi wa haki ningemtetea kidogo hapa. Nilimwambia, "Hayo yote ungemwambia kupitia dirisha la gari. Alikuja hadi mlangoni kwako. Wewe ukapandisha kioo."

Alilia. Nilisubiri amalize. Nilikuwa nasahihisha insha za kidato cha tatu, nikaendelea kusahihisha.

Picha yake imetolewa ukutani. Mahali pake hatuna picha yako ya kutosha kukuzwa, ile ya kipande, kitambulisho chako cha zamani, ina ukungu, kwa hiyo nimeandika maneno peke yake, na chini yake majina tisa. Kamati ilitaka kuyachapisha kwa herufi za mashine. Nikawaambia yataandikwa kwa mkono. Niliyaandika mwenyewe jana, kwa rula, na wakati huu sikujiuma. Watoto wa shule wanapita wanayasoma kwa sauti. Nimewasikia wakikusoma wewe wa kwanza.

Jumamosi ijayo tunakuja kukuona huko nyumbani. Mama Njoki anakuja na magoti yake, na wale wengine wote, na Nanjala nesi na watoto wake wawili. Mkuu wa shule amenipa basi dogo. Tutaondoka asubuhi na mapema, na nimeagiza maandazi ya njiani.

Dorcas amesikia. Amewapigia wenzako mmoja mmoja akiwaomba msamaha, na wao, Senge, wamempa. Wote watano! Mama Njoki amemaliza hasira zake pale ukumbini, anasema hana mahali pa kuzilisha nyingine. Wamekubaliana aje nasi, apige magoti kaburini kwako, yaishe. Wakanituma mimi nimpigie simu kumwambia saa ya kuondoka.

Nilimpigia. Nilimwambia basi limejaa.

Halijajaa. Kuna viti vinne vitupu nyuma, na vitakuja hivyo hivyo hadi kwako.

Lala salama, Senge. Ukinikasirikia nitakusikia nikifika.

Mtoto wa kaka yako, uliyemlea ukamfundisha kusamehe akakataa